Kumbukumbu za Ethiopia: kwenda kwa ndege kutoka KIA, kurudi Moshi kwa barabara kupitia mashamba ya kahawa

Mwalimu wa Old Moshi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, na kwa miaka mingi niliwachorea wanafunzi ramani ya Ethiopia ubaoni ilhali sijawahi kuikanyaga. Mwishoni mwa mwaka 2018 mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye anauza vitambaa karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, tulifunga safari ya kwenda huko, tukarudi Januari 2019. Tangu hapo nimefika katika nchi nyingine, lakini Ethiopia ndiyo pekee ambayo nikiitaja nyumbani wajukuu huanza kutoka sebuleni mmoja mmoja, kwa kuwa wanajua maelezo hayataisha leo. Naiweka hapa kwa maandishi ili angalau msomaji awe na uhuru wa kuruka aya.

Tahadhari moja kwanza. Ninayoyaeleza ni ya kabla ya vita vilivyoanza Tigray Novemba 2020 na kabla ya mapigano ya Amhara yaliyopamba moto mwaka 2023. Mtu asichukue njia yetu ya kaskazini kama ilivyo bila kuulizia hali ya usalama.

Tulipanda ndege KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na baada ya saa mbili na nusu hivi tulikuwa Addis Ababa. Wakati huo serikali ya Ethiopia ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuwapa Waafrika wote viza wanapofika uwanja wa Bole. Viza hiyo haikutolewa kwenye mipaka ya nchi kavu, na ndiyo sababu tuliamua kwenda kwa ndege na kurudi kwa basi.

Kilichotufanya tujione tuko kwa ndugu tangu siku ya kwanza ni saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na asubuhi ikikolea ni saa mbili au saa tatu. Wazungu tuliokutana nao katika nyumba ya wageni walikuwa wakijumlisha na kutoa kwa vidole kila walipoambiwa muda wa basi, nasi tuliambiwa mara moja tukaelewa. Kalenda ndiyo iliyotushinda. Mwaka wao una miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13 wenye siku tano au sita, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane kutegemea wakati wa mwaka. Mdogo wangu alipopewa risiti yenye mwaka 2011 aliitunza kwenye pochi, akasema huo ndio umri atakaoutaja kuanzia sasa.

Nifike kwenye jambo lililonifanya niipende nchi hiyo. Mwenye nyumba tuliyofikia, mama wa makamo aliyekuwa akipangisha vyumba, alitukaribisha kahawa jioni ile ile. Nilitarajia vikombe. Badala yake alileta majani mabichi akayatandaza sakafuni, akaweka jiko dogo la mkaa na kigoda, akaketi. Aliziosha buni mbichi mara kadhaa hadi maji yakawa safi, akazimwaga kwenye kikaango bapa, akaanza kuzikaanga huku akizitikisa bila kupumzika. Zilipong'aa kwa mafuta yake zenyewe na kuanza kufuka, aliinuka akakipitisha kikaango mbele ya kila mmoja wetu ili tuuvute moshi kwa kiganja hadi puani. Ubani ulikuwa ukiungua kando. Buni zikatwangwa kwenye kinu kidogo, unga ukatiwa kwenye jebena, ambayo ni chungu cheusi cha udongo chenye shingo nyembamba, ukachemshwa taratibu. Vikombe vyao ni vidogo na havina mshikio. Awamu ya kwanza huitwa abol, ya pili tona, ya tatu bereka. Maji huongezwa juu ya machicha yale yale, kwa hiyo kila awamu huwa nyepesi kuliko iliyotangulia, na si adabu mgeni kuondoka kabla ya ile ya tatu. Kitafunwa kilikuwa bisi na shayiri ya kukaanga. Jirani wawili waliingia bila kubisha hodi, wakakaa, wakanywa, wakaondoka, na hakuna aliyewauliza walikuwa na shida gani.

Mimi nimezaliwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, chenye kahawa. Nilichuma kahawa kabla sijajua kusoma. Nimezungusha mashine ya kumenya hadi usiku, nimeosha kahawa kwa maji ya mfereji, nimeianika kwenye vichanja na kukimbia kuifunika mawingu yakitanda, na nimeibeba kichwani hadi chama cha msingi. Ada yangu ya shule ilitoka humo. Lakini katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja mama yetu akitukaangia kahawa yetu tukainywa. Tulikunywa chai, wazee walikunywa mbege. Kahawa ya kunywa tuliiona mjini, ile ya birika inayouzwa kwa wazee wanaocheza bao, nasi tuliihesabu kuwa ni desturi ya watu wa pwani. Ya kwetu ilishuka hadi kiwanda cha kukoboa, ikapita mnadani, ikapanda meli.

Tofauti hiyo ina historia yake. Mti wa arabika asili yake ni misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia. Kutoka huko ulivuka bahari hadi Yemen, Wafaransa wakauchukua Yemen wakaupanda kisiwa cha Réunion, na wamisionari wa Kikatoliki wakauleta Bagamoyo, kisha Kilema kwenye mlima wetu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo kwetu ulifika ukiwa tayari ni zao la biashara. Babu zetu walifundishwa namna ya kuupanda, kuupogoa na kuuza matunda yake, na walijifunza vizuri mno: chama cha wakulima cha mwaka 1925 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mwaka 1933, ni ushahidi. Kunywa hakukuwamo katika somo. Ethiopia watu walikunywa kwanza na biashara ikawakuta wakinywa, na hadi leo karibu nusu ya kahawa inayovunwa huko huishia katika vikombe vyao wenyewe. Jambo hilo ndilo nililolitazama katika safari yote iliyofuata.

Addis Ababa nitaipita haraka, kwa sababu miji mikuu ina waandishi wake. Iko juu ya mita 2,300, na sisi wa joto la Moshi tulilala na masweta. Tulipanda treni ya mjini iliyoanza mwaka 2015, tukapotea katika soko la Merkato kama inavyompasa kila mgeni, tukatazama kwa nje makao makuu ya Umoja wa Afrika, ambako jengo la amani na usalama limepewa jina la Julius Nyerere. Mlinzi alipojua tunatoka Tanzania alinyoosha mgongo na kutupigia saluti, jambo ambalo halijanitokea katika ofisi yoyote ya hapa nyumbani.

Chakula kinahitaji aya yake. Tulifika katikati ya mfungo wa kabla ya Krismasi yao, ambao hudumu siku 43, na Waorthodoksi wanaofunga hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Sisi ni Wachaga. Mdogo wangu alitangaza kwamba atakonda. Hakukonda. Kila mgahawa ulileta injera, mkate mpana mwembamba wenye uchachu unaotengenezwa kwa nafaka iitwayo teff, ukiwa umepangwa juu yake dengu, shiro (rojo ya unga wa jamii ya kunde), kabichi, viazi vitamu vyekundu na mboga za majani, kila kimoja na kiungo chake. Mfungo umewafanya wapishi wa nchi hiyo kuwa mafundi wa mboga kiasi ambacho sijakiona penginepo. Hata nje ya majira ya mfungo, Jumatano na Ijumaa huwa ni siku za kufunga kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo asiyekula nyama hapati taabu.

Basi la Bahir Dar liliondoka kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mabasi ya mikoani huko hayapendi usiku. Njiani barabara inateremka ghafla kwenye bonde la mto Abay, yaani Nile ya Buluu, zaidi ya mita elfu moja hadi darajani, kisha inapanda tena upande wa pili kwa kona ambazo zilimfanya mdogo wangu akumbuke sala zote za kipaimara. Bahir Dar yenyewe iko kando ya ziwa Tana, ambako mto huo huo unatokea, na wavuvi bado wanatumia mitumbwi ya mafunjo iitwayo tankwa.

Tulichukua boti kwenda rasi ya Zege kuona monasteri ya Ura Kidane Mehret, ambayo kuta zake za ndani zimefunikwa kwa picha za watakatifu kuanzia chini hadi juu. Picha hizo ni nzuri, lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kusimama njiani, kwa sababu kutoka gatini hadi kanisani mtu hupita ndani ya msitu wa kahawa. Haikuwa imepangwa kwa mistari, haikuwa imepogolewa. Ilijiotea chini ya miti mikubwa, mirefu kuliko mtu, na matunda mekundu yalikuwa yanaonekana huku na huku. Bwana shamba wetu wa zamani angelia. Boti ilipopita kisiwa cha Kebran Gabriel tuliambiwa kwamba wanawake hawaruhusiwi kushuka, sisi wawili wanawake tukabaki na nahodha huku wanaume wakipanda. Sikupendezwa, na bado sipendezwi.

Lalibela tulifika kwa kubadilisha magari, na tuliipanga makusudi ili tuikute Krismasi yao, Genna, inayoangukia Januari 7. Makanisa ni 11, na hayakujengwa bali yalichongwa kutoka katika mwamba mmoja kuanzia juu kwenda chini, kazi inayohusishwa na mfalme Lalibela wa mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Nimewahi kulieleza hilo darasani kwa sentensi moja. Ukisimama ukingoni mwa Bete Giyorgis na kutazama chini, paa lenye umbo la msalaba liko usawa wa nyayo zako na mlango uko chini kabisa shimoni, ndipo unapoelewa kwamba fundi hakuwa na nafasi ya kurudisha jiwe alilolikata. Mahujaji wengi walikuwa wametembea kwa miguu siku nyingi, wote wamejifunga shuka nyeupe. Alfajiri ya sikukuu makasisi walijipanga juu ya ukingo wa ua wa Bete Maryam na wengine wakasimama chini, wakaimba kwa kupokezana huku wakiyumba taratibu, ngoma zikipigwa na njuga zikilia. Mimi ni Mlutheri wa KKKT na nimezoea ibada inayoisha kabla ya chakula cha mchana. Ile ilianza usiku na hakuna aliyeonekana kuchoka.

Siku hiyo mfungo ulikwisha, na mdogo wangu alipata kitoweo cha kuku, doro wet, chenye yai zima ndani. Alikula kwa ukimya usio wa kawaida yake.

Kutoka Lalibela tulirudi Addis kwa ndege, kisha tukaanza safari ya kusini kwa mabasi: Ziway, Shashamane ambako Marasta kutoka Jamaika walipewa ardhi na Haile Selassie, na Hawassa yenye ziwa na soko la samaki ambamo makorongo wakubwa hupigana vikumbo na wachuuzi. Mbele ya Hawassa barabara inaingia milima ya Wagedeo, kuanzia Dilla hadi Yirgacheffe, na hapo nilimwomba dereva wa gari dogo tulilokodi aende polepole.

Ilikuwa Uru. Ilikuwa Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro. Miteremko mikali ya kijani, nyumba zimejificha ndani ya mashamba, miti mikubwa ya kivuli juu, kahawa katikati, na chini yake migomba. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza kwanza: mbona migomba yote hii haina mkungu hata mmoja? Haikuwa migomba. Ni enseti, ndugu yake mgomba, yenye majani yale yale na shina nene zaidi, lakini watu hawali tunda lake. Huiacha ikue kwa miaka kadhaa, kisha huiangusha, huparua shina na kuponda kiini cha chini ya ardhi, na ule utomvu na unga hufukiwa shimoni ndani ya majani ili uchachuke kwa wiki au miezi. Hutolewa ukiwa tayari kwa mkate mzito unaoitwa kocho. Mamilioni ya Waethiopia wa kusini huishi kwa mmea huo, na unasifika kwa kuvumilia ukame unapoua nafaka. Tulipewa kocho na kabichi. Nilimaliza ya kwangu. Mdogo wangu alinisogezea ya kwake kwa siri.

Niliwaza sana pale jinsi watu wa milima miwili iliyo mbali hivi walivyofikia shamba lile lile bila kuonana. Kihamba cha Shimbwe Juu, hapo juu yetu, kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo, na mandhari ya Wagedeo ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023.

Mavuno yalikuwa yanaelekea ukingoni. Kwenye vituo vya kuoshea, vichanja virefu vilikuwa vimejaa kahawa na akina mama walikuwa wamejipanga pande zote mbili wakichambua mbovu kwa mikono, wakiimba, kazi ambayo vidole vyangu viliifahamu mara moja. Mzee mmoja alitupeleka kihambani kwake, kama nitaruhusiwa kukiita hivyo, akatuonyesha shamba lote linalokwenda kwenye kituo cha kuoshea. Kisha akaonyesha miti michache iliyozunguka mlango wa jikoni. Hiyo, alisema, haijawahi kwenda kituoni. Ni ya nyumba. Mkewe alikuwa tayari ameshawasha mkaa.

Safari iliyobaki hadi Moyale, Marsabit, Isiolo, Nairobi na Namanga ilikuwa ndefu, yenye ngamia wengi na vumbi dogo, kwa kuwa lami ya upande wa Kenya ilikuwa imekamilika. Sina la kuongeza hapo ila kwamba chapati za Marsabit ni nzuri.

Anayetaka kuuliza aulize.

Dereva wa Utalii, Sakina

Mwalimu, shikamoo. Umepita Addis Ababa haraka mno, na kama mtu ninayeishi kwa kuwapeleka wageni Ngorongoro naomba nikurudishe kidogo. Hukuingia makumbusho ya taifa kumwona Lucy, yule wa mifupa maarufu ya jamaa wa kale wa binadamu? Wageni wangu wengi hutokea huko, na hunieleza habari zake kana kwamba mimi niko nje ya ukoo. Huwa nawaeleza kwamba mifupa ya Lucy iligunduliwa Hadar mwaka 1974 na ina umri wa miaka milioni 3.2 hivi, lakini nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa upande wetu mwaka 1978, zina miaka milioni 3.6 hivi. Zaidi ya hayo, wataalamu walipoipa spishi hiyo jina mwaka 1978 walichukua jina la Afar ya Ethiopia, ilhali kielelezo rasmi cha spishi yenyewe ni taya la Laetoli linalojulikana kwa namba LH 4. Jina limekwenda kwao na taya ni la kwetu. Sisemi kwa ugomvi.

Swali langu: mama yangu ni Mkatoliki wa Usa River, ana umri mkubwa na magoti yanamsumbua. Lalibela ataiweza?

Mwalimu wa Old Moshi

Marahaba, mwanangu. Makumbusho tuliingia, na nilisimama mbele ya kabati la Lucy muda mrefu kuliko mdogo wangu alivyopenda. Habari ya taya la Laetoli nilikuwa siijui kwa undani huo. Nakushukuru, na laiti ningeipata nikiwa bado nashika chaki.

Kuhusu mama: mji uko kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi, kwa hiyo apumzike siku ya kwanza. Kati ya kanisa na kanisa kuna ngazi za mwamba zilizolika, mahandaki yenye giza na vizingiti virefu, na viatu huvuliwa mlangoni kila mara. Akiwa na mtu wa kumshika mkono ataona Bete Maryam na Bete Medhane Alem bila taabu kubwa, kwa kuwa yako karibu. Bete Giyorgis aitazame kutoka juu. Mimi naona ndiko inakopendeza zaidi. Msimpeleke wakati wa Genna, kwa sababu msongamano wa mahujaji hauna huruma kwa magoti. Mwaka mnaouchagua uamuliwe na hali ya usalama, kama nilivyotangulia kusema.

Mkulima wa Machame

Mwalimu, heshima yako. Nimesoma uzi wote na nimeufurahia, lakini kuna mahali nakataa. Unaieleza Ethiopia kana kwamba mkulima wa huko ameula kwa sababu anakunywa kahawa yake. Bei ya dunia inapoanguka inamwangukia yeye kama inavyoniangukia mimi. Sisi tulianza kung'oa miti baada ya mfumo wa mgawo wa mauzo wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yakaongeza, na leo vihamba vingi ni ndizi, parachichi na nyumba za kupangisha. Upande wa Harar nako wakulima wameng'oa kahawa wakapanda mirungi, kwa sababu inalipa kila wiki. Isitoshe, Waethiopia wengi hawanywi ile bora: sheria yao imekuwa ikitaka kahawa ya daraja la kusafirishwa iende nje kutafuta dola, na soko la ndani hupata iliyobaki. Sasa huo umiliki unaousifia uko wapi?

Mwalimu wa Old Moshi

Ndugu yangu wa Machame, yote uliyoyataja ni kweli na sina la kukanusha. Mzee wa Yirgacheffe alikuwa na viatu vya plastiki na paa lenye kiraka. Sikumwona kuwa tajiri. Lakini hebu nitenganishe mambo mawili. Bei ni jambo moja, nalo halitatatuliwa kwa jebena. Jambo la pili ni nani anayeijua kahawa. Mkulima wa Kigedeo anaweza kukueleza ladha ya mti wa mlangoni kwake na tofauti yake na wa jirani. Baba yangu alilima kahawa maisha yake yote, akajua daraja lake kwa kutazama, kwa kushika na kwa karatasi ya chama, lakini ladha yake aliambiwa na wanunuzi. Mtu anayeuza kitu asichokijua ladha yake yuko katika hali dhaifu mezani.

Na usione ni hisia tupu. Ethiopia ilipotaka kusajili Yirgacheffe, Harrar na Sidamo kama alama zake za biashara Marekani, ilivutana na Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya huko, hadi wakafikia makubaliano mwaka 2007. Nadhani nchi hupigania jina kwa nguvu namna hiyo inapokuwa na watu ambao jina hilo lina maana vinywani mwao. Hapo unaweza kunipinga tena, lakini ndivyo ninavyoamini.

Mfanyabiashara wa Kilombero, Arusha

Assalaam alaikum. Kwa kuwa Harar imetajwa kwa mirungi, naomba niitetee. Nilipita huko nikitokea Dire Dawa katika safari ya biashara, na sitausahau mji ule wa ndani ya ukuta, Jugol, wenye vichochoro vyembamba na kuta zilizopakwa rangi za kila namna. UNESCO imehesabu humo misikiti 82, mingine midogo kuliko duka langu. Jioni nilipelekwa nje ya ukuta kuona fisi wakilishwa nyama kwa kijiti kilichobanwa kwa meno. Mimi nimekulia Monduli na najua fisi ni mnyama gani, sikukaribia.

La kahawa ni hili. Wenyeji wa Harar hawatupi kitu. Mbali na buni, nilipewa kinywaji kilichopikwa kwa maganda makavu ya tunda la kahawa, na kingine kiitwacho kuti, ambacho ni majani ya mti huo yaliyokaushwa na kuchemshwa kwa maziwa. Huku kwetu majani hayo tunayafagia.

Dada wa Njiro

Shikamoo Mwalimu. Mimi na rafiki yangu tunafikiria kwenda, wanawake wawili tu. Tunaomba utueleze gharama, na kama mlipata usumbufu wowote.

Mwalimu wa Old Moshi

Marahaba, mwanangu. Bei zetu hazitakusaidia, kwa kuwa Julai 2024 serikali yao iliiachia birr thamani yake iamuliwe na soko, na mambo yamebadilika sana. Ninachokumbuka ni kwamba chakula na mabasi vilikuwa nafuu kuliko hapa, na ndege za ndani zilikuwa na punguzo kwa aliyeingia nchini na shirika lile lile.

Usumbufu ulikuwa ule wa stendi kuu popote: watu wengi wanaotaka kukubebea mzigo. Tulifanya kama tunavyofanya stendi ya Moshi, tulikwenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa akiuza kahawa pembeni, tukakaa, tukanywa, na yeye akatuonyesha basi. Chukueni vitenge vya kujifunika kichwa na mabega makanisani, tochi kwa ajili ya mahandaki ya Lalibela, na soksi nzito. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mtadaiwa mnaporudi.

Mkulima wa Machame

Mwalimu, hujanishawishi kuhusu Starbucks, lakini la ladha limenigusa mahali. Nina kahawa ya maganda ndani sasa hivi, bado sijaipeleka chama. Nikitaka kuijaribu nyumbani naanzaje? Mke wangu ana kikaango cha chapati tu.

Mwalimu wa Old Moshi

Kikaango cha chapati ndicho ninachotumia. Chukua kiasi cha vikombe viwili, hakikisha imekauka barabara, itwange kwa wepesi kwenye kinu ili ganda liachie bila kuvunja buni, kisha upepete kwa ungo. Chambua nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika, kwa sababu moja mbovu huharibu jungu zima. Osha, kausha kwa kitambaa. Weka kikaango kwenye moto wa wastani wa mkaa na ukoroge muda wote kwa mwiko wa mti. Ukiacha kidogo tu zinaungua upande mmoja. Zitageuka njano, kisha kahawia, halafu zitaanza kupasuka kwa mlio. Sisi huzitoa muda mfupi baada ya mlio huo kutulia, kabla hazijawa nyeusi, kwa kuwa arabika ya mlimani ikiungua inabaki uchungu peke yake. Zimwage kwenye ungo na uzipepee zipoe haraka. Twanga siku hiyo hiyo au kesho yake, usiweke unga wa wiki nzima.

Kwa kuchemsha, vijiko viwili vikubwa kwa nusu lita, moto mdogo, ikitaka kufurika unaiondoa, unairudisha, kisha unaiacha itulie ili machicha yashuke. Awamu ya kwanza mnywe bila sukari, wewe na mama watoto, ndipo mwamue kama mtatia. Na usitumie zile zilizokaukia mtini au zilizolala kwenye maji usiku wa ziada. Hizo zipeleke chama, wao wana daraja lake.